Mume anataka tuhamie Kirksville: je, makao makuu ya kaunti Marekani ni mji au ni kijiji?

*"Tuko Dallas, Texas, na grini kadi zetu za bahati nasibu zinakaribia miaka mitano. Mimi ni wa Kakamega, mume wangu ni wa Bukavu, tuna watoto watatu na mkubwa ana miaka 12. Kodi ya nyumba inatumaliza. Binamu ya mume wangu yuko Kirksville, Missouri, kazi yake ni kiwanda cha nyama. Anasema nyumba huko ni bei nafuu na kazini huulizwi Kiingereza. Nilipoangalia nikaona Kirksville ni makao makuu ya kaunti ya Adair, nikapata moyo: kama Kakamega kwetu, kuna gavana, kuna hospitali kubwa, ofisi zote ziko pale. Lakini dada yangu aliye Minnesota anasema hicho ni kijiji, nitakaa miezi sita nianze kuongea na ukuta. Mimi ni msaidizi wa wauguzi na nataka kusomea uuguzi kamili. Mume ameshasema ni Juni. Nifanyeje?"*

Dada, barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja. La kwanza ni mji huo ni wa namna gani. La pili hukulitamka wazi: mume atapata kazi na binamu, na wewe utapata nini? Nimewasaidia wahamiaji wa kwetu kutafuta makazi Missouri kwa miaka mingi, na nakuambia la pili ndilo linalovunja au kujenga safari kama hii. Lakini tuanze na la kwanza, kwa sababu neno "kaunti" limekupoteza njia kidogo.

Kaunti ya Kenya ni serikali yenye uzito. Ziko 47, kila moja ina gavana, bunge lake, bajeti kutoka Nairobi na hospitali zake. Kaunti ya Marekani ina jina hilohilo, lakini ni mnyama mwingine. Missouri peke yake ina kaunti 114, na gavana ni mmoja tu wa jimbo zima, yuko Jefferson City. Kaunti ya Adair haina gavana. Inaongozwa na makamishna watatu, na pembeni yao wako watu waliochaguliwa kwa kura, kila mmoja na dawati lake: karani wa kaunti, mthamini wa mali, mkusanya ushuru, msajili wa hati, mwendesha mashtaka, sherifu. Hakuna anayemwajiri mwenzake. Ukimkasirikia mthamini, hakuna bosi wa kumpelekea malalamiko, unasubiri uchaguzi.

Makao makuu ya kaunti, basi, ni mji ambao madawati hayo yamekaa. Hicho tu. Karne ya 19, walipokuwa wakigawa ardhi, walitaka mkulima aweze kupanda farasi asubuhi, afike mahakamani, amalize shughuli yake na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ndiyo sababu kaunti ni nyingi na ndogo, na jengo la mahakama limesimama katikati ya uwanja wa mraba huku maduka yakilizunguka pande nne. Kirksville ndivyo ilivyo mpaka leo. Kaunti iliundwa 1841, na hadithi ya wenyeji inasema mzee mmoja aliyeitwa Jesse Kirk aliwalisha wapima ardhi bata mzinga na kuwamiminia wiski, nao wakamlipa kwa kuupa mji jina lake. Sijui kama hata Kakamega kuna kiwanja kilichopatikana kwa bei hiyo.

Kwa ukubwa, sensa ya 2020 ilihesabu watu 17,530 mjini na 25,314 katika kaunti nzima. Kwa macho ya Dallas ni mtaa mmoja. Lakini dada yako anakosea akiuita kijiji. Kirksville ina vyuo vikuu viwili. Truman State ilianza 1867 kama chuo cha ualimu. Cha pili, A.T. Still, kilianza 1892 na ndicho chuo cha kwanza duniani cha ule udaktari wa osteopathia, na madaktari wake wametawanyika Marekani nzima. Hospitali ipo. Duka kubwa lipo. Kuna watu wanaotoka miji midogo ya jirani kuja Kirksville kununua viatu vya shule, na hao ndio wanaouita "mjini".

Nakuhimiza uelewe kwa nini mji huu haujafa, maana hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kaunti hiyo ilikuwa na machimbo ya makaa ya mawe, hasa upande wa Novinger, maili chache magharibi. Wakroatia na wageni wengine wa Ulaya walikuja kuchimba, kama mume wako anavyotaka kwenda kukata nyama: ndugu mmoja alitangulia, akaandika barua, wengine wakafuata. Makaa yalipokwisha thamani, Novinger ilinywea. Kirksville ilibaki. Kilichoibakiza si bahati, ni mahakama, vyuo na hospitali, yaani mishahara isiyotegemea kitu kimoja.

Linganisha na mji mwingine ulio makao makuu ya kaunti: Lexington, Nebraska, kaunti ya Dawson. Watu kama elfu 11, wakiwemo Wasomali wengi na Walatino, na kiwanda kimoja cha ng'ombe cha Tyson kilichoajiri watu takriban 3,200. Novemba 2025 kampuni ilitangaza kwamba inakifunga Januari 2026. Jengo la mahakama lipo palepale Lexington, lakini jengo la mahakama halilipi watu 3,200. Kwa hiyo unapoupima mji mdogo wa Marekani, usianze na wingi wa watu. Uliza hivi: kazi ya kwanza ikianguka, ya pili iko umbali gani kwa gari? Kirksville inajibu swali hilo vizuri kuliko miji mingi ya viwanda vya nyama ninayoifahamu, ingawa si kwa kila mtu.

Sasa kiwanda. Binamu hajakudanganya, amefupisha. Kirksville kwenyewe kuna kiwanda cha Kraft Heinz cha nyama zilizosindikwa. Kiwanda kikubwa cha nguruwe, cha Smithfield, kiko Milan, mji mdogo wa magharibi ambao nao ni makao makuu ya kaunti yake, Sullivan. Muulize binamu ni kipi kati ya hivyo viwili, kwa sababu tofauti yake ni maisha. Akisema Milan, mume wako atakuwa na mwendo wa kama dakika arobaini kila upande kwenye barabara ya mashambani ya njia mbili, Januari, gizani, huku lami ina barafu usiyoiona. Watu wa kwetu huenda wanne katika gari moja na kugawana mafuta. Ni jambo zuri mpaka siku mwenye gari anapoumwa, watu wanne wanakosa shifti.

Na hiyo kazi "isiyouliza Kiingereza" inauliza mikono na mabega. Mtu anasimama kwenye laini, nyama inapita, anafanya mkato uleule mara maelfu kwa siku, kwenye baridi ya friji. Mwezi wa kwanza vidole hufa ganzi usiku. Wengine huzoea, wengine hupata jeraha la kifundo cha mkono ambalo haliondoki. Mwambie mume jambo moja kutoka kwangu: akianza kuamka usiku kwa ganzi, aripoti kiwandani kwa maandishi siku ileile na abaki na nakala. Anayevumilia miezi mitatu ndipo aseme, huambiwa ameumia kwake akibeba kochi.

Upande wa pesa, weka hesabu zote mezani, si kodi ya nyumba peke yake. Tangu Januari 2026 kima cha chini cha mshahara Missouri ni dola 15 kwa saa, wakati Texas bado inafuata kile cha serikali kuu, dola 7.25. Hiyo ni faida hasa kwako wewe, zaidi ya mume, maana viwanda hulipa juu ya hapo. Lakini Texas hamkatwi ushuru wa mapato wa jimbo, na Missouri mtakatwa. Halafu kuna ule ambao binamu hakuutaja, maana hakuna anayeutaja: ushuru wa gari.

Huu nauchambua polepole kwa sababu umewaliza watu wengi. Missouri, gari lako linahesabiwa kuwa mali, na kaunti inakutoza ushuru kila mwaka. Kinachoangaliwa ni nani alikuwa na gari hilo tarehe 1 Januari. Unamjulisha mthamini kabla ya Machi, bili inakuja mwishoni mwa mwaka, unalipa kwa mkusanya ushuru kabla ya 31 Desemba. Usipolipa, huwezi kusajili upya namba za gari, kwa sababu ofisi ya leseni inadai risiti. Sasa mgeni aliyefika Juni atatoa wapi risiti ya mwaka ambao hakuwepo? Kuna karatasi yake: cheti kinachosema mtu huyu hakutozwa, na kinatolewa na mthamini wa kaunti, ndani ya jengo la mahakama au karibu nalo.

Baba mmoja wa Uvira, katika mji mwingine wa Missouri, alikwenda ofisi ya leseni na bahasha ya kaki iliyojaa. Akaambiwa, risiti ya ushuru. Akarudi kesho na karatasi za ushuru wa mapato. Hapana. Akarudi siku ya tatu na bima. Hapana. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichotakiwa kilikuwa karatasi moja, ng'ambo ya barabara. Kati ya safari ya pili na ya tatu polisi walimsimamisha kwa namba za Texas zilizokwisha muda. Nilipokwenda naye dirishani kwa mthamini tulikaa muda usiotosha kumaliza chai. Mama wa dirishani alimuuliza alihamia lini, akagonga muhuri, akamtakia siku njema. Baba yule alitoka nje akasimama kwenye ngazi, akaitazama karatasi mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kasoro.

Wewe utakuwa na siku 30 tangu kuhamia kusajili gari. Nenda kwa mthamini kwanza, ofisi ya leseni baadaye. Hapo utaona uzuri halisi wa kuishi kwenye makao makuu ya kaunti: dirisha hilo liko dakika tano kutoka nyumbani, si saa nzima, na mara ya pili watakukumbuka jina.

Neno moja la tahadhari hapo kwenye ofisi ya leseni. Huenda ukaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu la mwenye grini kadi ni hapana, hata karani akikuambia weka tu sahihi. Kujiandikisha kabla ya uraia kunaweza kuuua uraia wenyewe, na "sikuelewa" haikubaliki kirahisi.

Nilipogusia uraia, hapa ndipo Juni ya mume inaponitia wasiwasi kuliko barafu. Mnakaribia miaka mitano, ile ambayo mwenye grini kadi hutakiwa kuitimiza kabla ya uraia. Maombi ya uraia yanaweza kutumwa siku 90 kabla ya kutimia miaka hiyo, lakini pia sheria inataka uwe umeishi miezi mitatu katika jimbo unaloombea. Mkihama Juni mkaomba Julai, mmejikwaa. Mnaweza kuomba kutoka Texas kama muda umefika, kisha mhame na kutoa taarifa. Au mhame, msubiri miezi mitatu, ndipo muombe. Vyovyote, mwenye grini kadi lazima aijulishe idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, kila mmoja kwa jina lake, watoto nao. Na ofisi za uhamiaji haziko Kirksville. Usaili utakuwa St. Louis au Kansas City, kila moja ni zaidi ya saa mbili na nusu kwa gari. Kama yeyote kati yenu aliwahi kukamatwa, hata kesi ikafutwa, au alikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita, usitumie fomu yoyote kwa ushauri wangu wala wa binamu. Kaa ana kwa ana na wakili wa uhamiaji, na mfanye hivyo mkiwa bado Dallas, ambako mawakili ni wengi. Mji mdogo hauna wingi huo.

Sasa wewe. Ukuta ambao dada yako anausema upo, na una lugha. Wakongo wa Kirksville wamejenga jamii ya kweli, wengi wao walikuja kwa bahati nasibu kama ninyi. Lakini lugha kubwa kati yao ni Kifaransa na Lingala. Mume wako wa Bukavu ana Kifaransa, atacheka nao siku ya kwanza kanisani. Wewe utakaa benchi moja nao ukisubiri mtu akutafsirie kichekesho baada ya wote kunyamaza. Kiswahili kipo kwa waliotoka mashariki, ila usikitegemee kiwe cha kila mlango kama ulivyozoea kwenye makundi ya Wakenya wa Dallas. Wanawake wawili watatu wa kweli wanatosha, lakini watafute kabla ya kuhama. Mwombe binamu akupe simu ya mkewe, si yake, na uzungumze naye mume akiwa hayupo chumbani. Muulize Jumanne yake ikoje. Jumapili kila mtu ana furaha.

Gari la pili si anasa huko. Hakuna basi la kupita kituoni kila nusu saa. Kuna OATS, mabasi ya Missouri vijijini ambayo unapiga simu mapema kuagiza nafasi, yanafaa kwa miadi ya daktari lakini si kwa shifti ya usiku. Gari moja likienda Milan na mume, wewe umefungiwa ndani na watoto watatu na theluji mlangoni. Nikiona familia imerudi ilikotoka, mara nyingi sababu ni hiyo, na kwenye simu husema "baridi".

Kwa uuguzi, hata hivyo, nadhani Kirksville inakufaa kuliko unavyofikiri. Cheti chako cha usaidizi wa wauguzi cha Texas kinaweza kuombewa kutambuliwa Missouri. Anza maombi hayo kabla ya kufunga mizigo. Chuo cha jamii cha Moberly kina tawi mjini, na Truman wana shahada ya uuguzi. Kumbuka ada ya mkazi wa jimbo, ambayo ni nafuu kuliko ya mgeni, hupatikana kwa kawaida baada ya kukaa Missouri miezi 12, kwa hiyo mwaka wa kwanza ni wa kufanya kazi, kumaliza masomo ya awali na kuweka akiba. Dallas ungeshindania nafasi na mamia. Hapa msimamizi wa programu unaweza kukutana naye kwenye foleni ya duka.

Watoto wataingia wilaya ya shule ya Kirksville R-III, ambayo haiko chini ya kaunti wala jiji. Ina bodi yake inayochaguliwa. Wameshazoea watoto wenye lugha nyingine nyumbani. Shule inatakiwa kisheria kukupa mkalimani kwa mambo muhimu, kwa hiyo usikubali mtoto wako wa miaka 12 akutafsirie kikao chake mwenyewe na mwalimu. Kwa huyo mkubwa, kuhama Juni ni bora kuliko Januari, nakubaliana na mume hapo.

Afya: mambo ya kawaida yatatibiwa mjini. Bingwa wa jambo gumu mara nyingi yuko Columbia, maili kama 90 kusini kwa barabara kuu ya 63. Kama kuna mtoto mwenye kifafa, selimundu au moyo, au kama unategemea ujauzito, piga simu hospitali sasa, uulize ni nani anayelishughulikia hilo na yuko siku ngapi kwa wiki. Usikubali jibu la "tunaye", uliza siku. Na vimbunga: mwaka 1899 kimoja kilipita Kirksville kikaua watu zaidi ya 30, na Mei 2009 kingine kikaua tena. Ukikagua nyumba ya kupanga, uliza king'ora kikilia familia inashuka wapi. Nyumba ya bei nafuu sana isiyo na chumba cha chini ina sababu ya kuwa nafuu.

Maoni yangu, kwa kuwa uliuliza ufanyeje: usimpinge mume, mbadilishie mpango. Aende yeye peke yake wiki mbili, alale kwa binamu, aendeshe ile barabara saa kumi alfajiri. Nawe uende mwisho wa wiki ya pili, siku za kazi. Treni ya Chicago hadi Los Angeles inasimama La Plata, maili kama 12 kusini ya mji, lakini kutoka Dallas ni nafuu kuja kwa gari. Ukifika, egesha kwenye ule uwanja wa mahakama. Ingia ndani, mwulize mthamini kuhusu gari lako. Vuka barabara unywe kahawa, usikie watu wanavyosalimiana, na waone wakikusalimu au wakikukodolea. Mchana nenda chuoni Moberly, jioni kwa mke wa binamu.

Mkataba wa nyumba ya Dallas usiuvunje mpaka urudi kutoka safari hiyo. Na ukirudi ukiwa na mashaka, sema "mashaka" kwa mume, usiseme "sawa" kisha ukalie mashaka hayo Februari. Niandikie tarehe ya grini kadi zenu ilivyo kwenye kadi, tuhesabu pamoja hizo siku 90 kabla hamjalipia lori.